Jinsi ya kuunda modeli ya sauti zinazotoka sikio la ndani, na jinsi ya kuzichambua

Sikio halipokei sauti tu, linazitoa pia. Ukiingiza maikrofoni nyeti kwenye mfereji wa sikio lenye afya, mahali pakiwa kimya, unaweza kunasa mlio mwembamba ambao haukutoka kwenye spika yoyote. Thomas Gold alibashiri mwaka 1948 kwamba lazima ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, kuwe na kitu kinachoongeza nguvu ya mtetemo, vinginevyo majimaji yangeuzima kabla hatujasikia chochote. Wengi hawakumsikiliza. Miaka 30 baadaye, 1978, David Kemp akiwa London alipiga mbofyo ndani ya sikio na kurekodi mwangwi uliorudi baada ya milisekunde kadhaa. Mwaka 1985 William Brownell na wenzake walionyesha chanzo cha nguvu hiyo: seli za nywele za nje, ambazo hurefuka na kufupika zikichochewa kwa umeme.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kuandika programu fupi, kwa Python au lugha nyingine yoyote ya hesabu, na ambaye nambari changamano hazimtishi. Ushauri wangu mkubwa ni huu: anza na modeli, rekodi zifuate. Maikrofoni iliyo sikioni hunasa kila kitu, yaani pumzi, mapigo ya damu, waya uliogusa nguo, na hata hitilafu za spika yenyewe. Uwiano wa sauti kwa kelele utakuonyesha kwamba kuna kitu. Hautakuonyesha kwamba kitu hicho kimetoka kwenye koklea. Anayeweza kukuambia hilo ni modeli, kwa sababu inakufundisha tabia za sauti ya koklea: huchelewa, haikui sambamba na kichocheo chake, na awamu yake, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake, huzunguka kwa mpangilio unaotabirika.

Hatua ya 1: Weka ramani ya koklea kwenye kompyuta

Koklea ya binadamu ukiinyoosha ina urefu wa takriban milimita 35. Masafa ya juu hushika karibu na mlango wake, ya chini karibu na ncha. Ramani inayotumika sana ni ile ya Greenwood ya mwaka 1990:

f = 165.4 × (10^(2.1x) − 0.88)

Hapa x ni umbali kutoka nchani, ukihesabiwa kama sehemu ya urefu wote, kuanzia 0 hadi 1. Jaribu kwa mkono kwanza. Kwa 2000 Hz utapata x ya takriban 0.53, yaani milimita 18.6 kutoka nchani. Kwa 1280 Hz utapata kama milimita 15.6. Hifadhi nambari hizi mbili, zitatufaa kwenye toni mbili.

Gawa urefu huo vipande 1000 hivi, kila kimoja maikromita 35. Ukishaondoka kwenye masafa ya chini kabisa, oktavi moja, yaani masafa kuongezeka maradufu, huchukua takriban milimita 5 za koklea. Hiyo milimita 5 ndiyo nambari ninayoirudia kuliko zote katika kazi hii.

Hatua ya 2: Unda kitetemi kimoja kilicho hai

Usikimbilie koklea nzima. Kitetemi kimoja kinafundisha mengi:

dz/dt = (μ + iω)z − |z|²z + F

Herufi z ni nambari changamano inayobeba ukubwa na awamu ya mtetemo, ω ni masafa yake ya asili kwa radiani, F ni sauti inayoingia, na μ ni mizani kati ya nguvu inayoongezwa na nguvu inayopotea. Ukiweka μ chini ya sifuri, kitetemi kinanyamaza mpaka kichokozwe. Ukiipandisha juu ya sifuri kinalia chenyewe bila kuulizwa, na ukubwa wake unatulia kwenye √μ. Hapo una sauti inayojitokea, kama ile inayopatikana katika masikio mengi yenye afya.

Cha kuvutia zaidi ni μ ikiwa sifuri kabisa. Kichocheo chenye masafa sawa na ya kitetemi hutoa jibu linalolingana na mzizi wa tatu wa F. Ongeza kichocheo kwa desibeli 30, jibu litaongezeka kwa desibeli 10 tu. Mbano huu ni alama ya koklea hai, na ndio tutakaoutumia kuwafukuza wadanganyifu baadaye.

Sasa tahadhari ambayo mwongozo wowote wa hesabu za aina hii ungepaswa kuiandika kwa wino mwekundu. Usitumie njia ya Euler, ile inayoongeza tu dz/dt × hatua kwenye z, kupiga hatua za muda. Chukua kitetemi cha 1500 Hz, hivyo ω ni takriban 9425. Chukua hatua ya 1/48000 ya sekunde, kwa kuwa ndiyo kasi ya kawaida ya kadi ya sauti. Njia ya Euler huingiza ukuaji bandia wa ω² × hatua ÷ 2, ambao hapa ni takriban 925 kwa sekunde. Maana yake, kitetemi ulichokiwekea μ ya −500, ambacho kilipaswa kufa mara moja, kitaanza kuimba kwa nguvu ya +425. Utakuwa umegundua sauti ya sikio iliyotengenezwa na hesabu mbovu. Dawa ni rahisi: katika kila hatua zidisha z kwa exp((μ + iω) × hatua), kisha ongeza sehemu ya mbano na kichocheo. Njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne nayo inafaa, mradi hatua iwe ndogo.

Hatua ya 3: Ongeza mikwaruzo ili sauti irudi

Kitetemi pekee hakielezi kwa nini mwangwi unarudi nje. Wimbi husafiri kutoka mlangoni kuelekea mahali pa masafa yake, linapanda kilele, kisha linazimika. Kama koklea ingekuwa laini kabisa, kisingerudi kitu cha maana. George Zweig na Christopher Shera walipendekeza mwaka 1995 kwamba kinacholirudisha ni kasoro ndogondogo zilizotawanyika ovyo kwenye mpangilio wa seli, nazo ndizo ninazoziita mikwaruzo. Kwenye modeli zinawekwa hivi:

R(f) = Σ ε(n) × W(n, f)²

Kila kipande n kinapewa kasoro ε(n), nambari ya bahati nasibu iliyo ndogo. W ni wimbi la masafa f linapopita kwenye kipande hicho: bahasha yenye kilele mahali pa f, ndani yake mzunguko wa awamu. Kipeo cha pili kipo kwa sababu wimbi linakwenda na kurudi, hivyo kila badiliko la awamu linahesabiwa mara mbili.

Ukifanya W iwe bahasha ya kengele yenye urefu wa wimbi wa milimita 1 hapo kileleni, mambo mawili yanajitokeza bila wewe kuyapanga. Awamu ya R hukamilisha mzunguko mmoja kila mahali pa kilele panaposogea nusu ya urefu wa wimbi, yaani milimita 0.5. Kwa kuwa oktavi ni milimita 5, hiyo ni sehemu ya kumi ya oktavi. Ukiwa kwenye 1500 Hz ni takriban 104 Hz. Mzunguko mmoja kwa kila 104 Hz ni kuchelewa kwa takriban milisekunde 9.6, kiwango ambacho mwangwi halisi wa masafa hayo haukai mbali nacho. Na masikio yenye milio kadhaa inayojitokea karibu na 1500 Hz huwa na nafasi ya takriban 100 Hz kati ya mlio na mlio. Umeweka nambari moja tu, milimita 1, nayo imekupa muda wa mwangwi na nafasi za milio kwa mpigo. Modeli inapokupa kitu ambacho hukukiingiza, hapo ndipo inapoanza kustahili imani.

Endesha hesabu hiyo kwa seti tofauti za ε. Kila seti ni sikio la mtu mwingine. Utaona vilele vya R vikihama kutoka seti hadi seti, lakini nafasi ya wastani kati yao inabaki ileile.

Hatua ya 4: Toni mbili

Ukipeleka sikioni toni mbili kwa pamoja, f1 na f2, koklea hutoa toni nyingine ambazo hukuzipeleka. Yenye nguvu zaidi kwa binadamu, na inayopimwa zaidi, ni 2f1 − f2. Uwiano wa f2 kwa f1 unaopendwa ni takriban 1.22, na viwango vinavyotumika sana ni desibeli 65 kwa f1 na 55 kwa f2.

Kwa modeli ya haraka, pitisha jumla ya toni mbili kwenye y = x − ax³. Utapata 2f1 − f2, tuiite tokeo, yenye ukubwa wa 0.75 × a × A1² × A2, ambapo A1 na A2 ni ukubwa wa toni mbili. Fomula hii inakupa masafa sahihi lakini viwango vya uongo. Toni zote mbili zikiongezeka kwa desibeli 6, tokeo linapanda kwa 18, ilhali sikio hai kwenye viwango vya wastani hupandisha tokeo taratibu kuliko kichocheo. Kwa hiyo itumie kukagua programu yako. Ukitaka viwango, badilisha na tanh au safu ya vitetemi vya hatua ya 2.

Kisha kumbuka zile nambari mbili za ramani. Kwa f1 = 1640 na f2 = 2000, tokeo ni 1280 Hz. Upotoshaji unazaliwa karibu na mahali pa 2000 Hz, milimita 18.6 kutoka nchani. Sehemu yake inatoka nje moja kwa moja. Sehemu nyingine inaendelea ndani kama milimita 3 hadi mahali pa 1280 Hz, inagonga mikwaruzo, na inarudi kwa kuchelewa. Maikrofoni inapokea jumla ya hizo mbili, ambazo mara huongezeana na mara hukatana. Anayepima sehemu moja tu ya masafa anaweza kuangukia shimo la mkatano akadhani sikio limedhoofika.

Hatua ya 5: Rekodi

Simu na vipokea sauti vya kawaida havitafaa. Sauti unayoitafuta mara nyingi ipo kati ya desibeli −10 na 20, na desibeli 0 yenyewe ni mikropaskali 20. Unahitaji kichomeo cha sikioni chenye maikrofoni ya kelele ndogo na spika mbili tofauti. Mbili, kwa sababu spika moja ikibeba toni zote mbili itatengeneza 2f1 − f2 yake yenyewe. Kama huna kifaa, fanya mazoezi kwa ishara za modeli ulizozichanganya na kelele. Mazoezi hayo si ya kupoteza muda, maana jibu sahihi unalijua.

Kabla ya sikio lolote, ingiza kichomeo kwenye kijibomba kilichozibwa, chenye ujazo wa mililita moja au mbili. Endesha kipimo kizima kama kawaida. Chochote kitakachojitokeza kwenye 2f1 − f2 ni cha mashine, na kiwango hicho ndicho sakafu yako. Usidai umepima sauti ya sikio iliyo karibu na sakafu hiyo.

Chagua masafa yanayoangukia sawasawa kwenye vigawanyo vya mageuzi ya Fourier, hesabu inayogawa sauti katika masafa yake. Kwa sampuli 48000 kwa sekunde na fremu ya sampuli 4800, kila kigawanyo ni 10 Hz. Masafa ya 1640, 2000 na 1280 yote yanagawanyika kwa 10, kwa hiyo nguvu ya toni kubwa haivuji kufunika ndogo, na hata dirisha la kulainisha halihitajiki. Tupa kila fremu ambayo kelele yake imevuka kikomo ulichokiweka mapema. Zinazobaki chukua wastani wake: fremu 100 hushusha kelele kwa desibeli 20, na kila ukiziongeza maradufu unapata desibeli 3 zaidi. Ndiyo maana kuketi kimya kwa dakika chache hushinda programu yoyote ya kusafisha sauti.

Usimpime mtu bila ridhaa yake, na hakiki viwango kwenye kijibomba kabla ya kumwekea kichomeo. Kosa la kuzidisha kwenye programu linaweza kutoa sauti ya kuumiza.

Hatua ya 6: Chambua

Kwa toni mbili, soma kiwango kwenye kigawanyo cha 1280 Hz, kisha kadiria kelele kwa vigawanyo vitano kila upande, ukiruka vile vinavyopakana nacho. Tofauti ya desibeli 6 ni kigezo cha kawaida cha kukubali kwamba kuna ishara. Baada ya hapo ndipo kazi inaanza. Pima masafa mengi yaliyokaribiana, tandua awamu (ondoa miruko ya mzunguko mzima), na pata kuchelewa kwa fomula τ = −Δφ ÷ (2πΔf). Ukisogeza f1 huku f2 ikiwa palepale, awamu ikishuka mzunguko mmoja ndani ya 100 Hz za tokeo, umepata milisekunde 10. Hitilafu ya spika haina sababu ya kuchelewa hivyo. Ukitaka kutenganisha vyanzo viwili, pima kwa uwiano uleule wa f2 kwa f1 kwenye masafa mengi, rudisha matokeo kwenye muda kwa Fourier ya kinyume, ukate kwa dirisha: sehemu ya upotoshaji inakaa karibu na sifuri, ya mikwaruzo inafuata baadaye.

Kwa mwangwi wa mbofyo, adui ni mlio wa kichocheo chenyewe unaozungukazunguka mfereji wa sikio. Futa milisekunde 2.5 za mwanzo, ukipandisha ishara taratibu badala ya kuikata ghafla. Kisha tumia ujanja wa mibofyo minne: mitatu ya ukubwa sawa, na wa nne mkubwa mara tatu uliopinduliwa. Jumlisha majibu yote. Kitu kinachokua sambamba na kichocheo kinatoa 3 − 3, yaani sifuri. Koklea iliyobanwa kwa mzizi wa tatu inatoa 3 − 1.44, na 1.56 inabaki mkononi. Unapoteza karibu nusu ya mwangwi, lakini kilichobaki ni cha koklea, na mimi naona biashara hiyo ina faida.

Weka fremu kwa kupokezana kwenye mafungu mawili, A na B. Ishara ni (A + B)/2, kelele ni (A − B)/2. Uwiano wa kufanana kati ya mafungu, r, unageuka moja kwa moja kuwa uwiano wa nguvu ya ishara kwa kelele kwenye wastani: 2r ÷ (1 − r). Kwa r ya 0.7 ni takriban 4.7, sawa na desibeli 6.7. Chora pia picha ya muda dhidi ya masafa. Masafa ya juu lazima yatangulie na ya chini yafuate, kama ramani ya hatua ya 1 inavyodai. Mwangwi ambao masafa yake yote yanafika kwa pamoja una walakini, hata kama r yake ni 0.95.

Kwa milio inayojitokea, kilele chembamba kwenye spektra hakitoshi, kwani kelele iliyopita kwenye kitetemi kisicholia chenyewe hutoa kilele kilekile. Kipimo kizuri ni kile walichokitumia Bialek na Wit mwaka 1984. Chuja ishara kuzunguka kilele, kisha chora mgawanyo wa thamani za wimbi. Kelele iliyochujwa hutoa nundu moja katikati, kwenye sifuri. Kitetemi hai hutoa nundu mbili pembeni na bonde katikati, kwa sababu wimbi la toni hukaa muda mrefu kwenye ncha zake na hupita sifuri haraka. Jaribu kwanza kwenye kitetemi cha hatua ya 2 kikiwa na kelele kidogo, mara μ ikiwa +100, mara −100. Spektra mbili zitakazotoka zinafanana kiasi cha kukuchanganya, lakini migawanyo haifanani hata kidogo.

Unaposoma matokeo, usiyabebeshe mzigo usio wake. Sauti hizi hupita sikio la kati mara mbili, kichocheo kikiingia na jibu likitoka, kwa hiyo majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kuzizima huku koklea ikiwa nzima. Na kinyume chake kipo: seli za nywele za nje zikiwa salama, sauti zitatoka vizuri hata kama neva ya kusikia haifikishi ujumbe ubongoni. Ndiyo maana kipimo hiki kwa watoto wachanga ni cha kuchuja, na anayeshindwa hupelekwa kwenye vipimo vingine. Kelele za masikioni wanazolalamikia watu nazo, mara nyingi, si milio hii. Wengi wenye milio inayojitokea hawaisikii kabisa.